Kuchonga kwa Kompyuta: Picha za Kufuatisha

Somo letu la leo ni juu ya kuchonga kwa kompyuta, na hasa juu ya picha ambazo mchongaji huziweka mbele ya macho yake anapofanya kazi.

Uchongaji huu hauhitaji mti wala tezo. Katika programu kama Blender, ambayo hutolewa bure, unaliona donge mfano wa udongo wa mfinyanzi. Unalivuta, unalibonyeza, unalilainisha, na kuligeuza ulitazame kila upande.

Haya, tuseme unataka kuchonga kichwa cha faru. Je, jicho lake liko wapi, karibu na sikio au karibu na pembe? Hapo utaona kwamba jina la mnyama tunalijua kuliko sura yake. Kwa hiyo tunahitaji picha. Lakini picha ni kama shahidi: kabla ya kumwamini, muulize aliona nini.

Mwaka 1515 mchoraji wa Ujerumani, Albrecht Dürer, alimchora faru aliyeletwa Lisbon kutoka Bara Hindi. Yeye mwenyewe hakumwona. Alipata barua na mchoro wa mtu mwingine tu. Akamtia pembe ndogo ya ziada mabegani, na ngozi kama deraya ya askari. Picha ilipendwa, ikanakiliwa kwa zaidi ya miaka 200, na pembe ile ikazidi kuota vitabuni. Basi picha 20 zilizonakiliwa kutoka moja ni shahidi mmoja tu.

Chagua picha zilizopigwa kwa kamera, tena za faru wa aina moja. Faru mweusi ana mdomo wa juu uliochongoka, hushika nao vijiti na majani. Faru mweupe ana mdomo mpana wa kulia nyasi, na kichwa kirefu zaidi. (Majina yasikudanganye, wote wawili ni wa kijivu.) Ukichukua uso wa huyu na ubavu wa yule, utachonga mnyama asiyeishi popote.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2018, huko Ol Pejeta nchini Kenya, alikufa Sudan, dume wa mwisho wa faru weupe wa kaskazini. Atakayetaka kumchonga dume wa jamii ile hana mnyama wa kumtazama. Ana picha tu. Akizitumia ovyo, watakaoiona kazi yake hawana pa kwenda kuhakikisha.

Kamera nayo ina hila. Picha ikipigwa kwa karibu, pua na pembe ya mbele huonekana kubwa mno, na masikio huwa madogo. Afadhali ipigwe kwa mbali, kisha ivutwe kwa lenzi. (Kwa faru, kusimama mbali kuna faida nyingine pia.)

Katika Blender, bonyeza 1 kwenye kundi la tarakimu upande wa kulia wa kibodi, uone donge kwa mbele. Bonyeza 3 ulione kwa ubavu. Tia picha ya kila upande nyuma ya donge, na uipunguze rangi ili isikusumbue. Kisha tazama kama jicho liko kwenye kimo kimoja katika picha zote mbili, na mdomo vilevile. Zisipolingana, kuza moja au ipunguze, ikishindikana, itupe. Wapo wanaochonga siku nzima juu ya picha zisizolingana, halafu wanailaumu kompyuta.

Anza na umbo zima. Mikunjo ya ngozi ni ya mwisho. Mara kwa mara geuza donge ulitazame kwa mshazari, maana linaweza kufuata picha zote mbili na bado likawa na mashavu ya mraba kama sanduku. Angalia na vivuli: weusi chini ya jicho huenda si shimo, ni tope tu. Tafuta picha nyingine ya mahali palepale, yenye mwanga wa upande mwingine.

Kabla ya somo lijalo, mtazameni mbuzi usoni kwa hatua moja, kisha kwa hatua kumi, mwandike kilichobadilika. Kwaherini.