Mtoko wa Ming'oko

Hivi, mkikutana na marafiki wikiendi, ni lazima iwe chipsi kuku? Kama mko Masasi, Newala au mnapita Chiungutwa wakati wa kiangazi, mimi nasema ulizeni ming'oko.

Ni mizizi myembamba, jamii ya viazi vikuu. Wala hailimwi; akina mama huichimba porini, huichemsha na kuitia chumvi, kisha huiuza sokoni na kando ya barabara. Mnakaa, mnamenya kwa vidole, pilipili pembeni, stori zinanoga. Simu zinapumzika zenyewe, maana mikono ina kazi! Kwa wapenzi wanaoanza maisha, mtoko wa bei poa kama huu sijauona.

Ila jamani, kumbana bei mama wa watu kwa sahani moja, halafu jioni baa unaacha chenji bila hata kuhesabu, hilo mimi silielewi. Ndani ya bei yake kuna kutembea, kuchimba, kubeba, kuni na maji. Na pori likifyekwa kwa ajili ya mashamba, safari yake inarefuka.

Korosho za huku zina mnada. Tangu msimu wa 2007/08 upo mfumo wa stakabadhi ghalani, na wanunuzi hushindana kwa bei. Ming'oko haina mnada. Mnunuzi wake ni wewe na marafiki zako. Basi mpeni mama alichotaja, na agizeni sahani ya pili.