Jiwe Lako ni Jiwe Gani? Maelezo juu ya Kutambua na Kung'arisha Mawe

Jirani yangu mmoja hapa Kajaga aliniletea jiwe aliloambiwa ni almasi. Lilikuwa linapitisha mwanga, kubwa kidogo kuliko yai la njiwa. Muuzaji alilikwaruza kwenye kioo cha dirisha mbele yake, kioo kikachorwa mstari, na jirani akatoa fedha alizokuwa amezitunza kwa ajili ya mabati ya nyumba. Alinijia mimi kwa sababu watu wamezoea kuniona nikiinama barabarani kuokota mawe. Kwa kuwa wanafunzi wetu kadhaa nao wameanza kuniuliza juu ya uraibu huu, nimeona nieleze katika makala haya namna jiwe linavyotambuliwa na vifaa vinavyotumika kulisugua.

Kajaga yenyewe haina mawe mengi. Tuko karibu na delta ya Rusizi, na kilichopo ni mchanga, udongo na maji ya Tanganyika. Mawe huletwa na malori kwa ajili ya misingi ya nyumba, mengi yakitoka katika mito inayoshuka kwenye milima ya Mumirwa. Kwa hiyo rundo la mawe mbele ya nyumba inayojengwa ndilo machimbo yetu (omba ruhusa kwanza, maana rundo lina mwenyewe). Humo utapata matale yenye madoa, mawe yenye mistari ya rangi mbalimbali, ulanga unaobanduka kama karatasi, na mara nyingi sana kwatsi. Ningependa kuliita jiwe hili kwazi, lakini kwazi tayari ni ndege.

Jambo la kwanza kupima ni ugumu. Mwaka 1812 Friedrich Mohs alipanga madini kumi, kuanzia ulanga laini wa talki, namba 1, hadi almasi, namba 10. Kanuni yake ni nyepesi: kigumu hukikwaruza kilaini. Ukucha wa mtu una ugumu wa kama 2.5, sarafu ya shaba 3 na ushei, kisu na kioo cha dirisha takribani 5.5. Jiwe linalokwaruzwa na kisu na kutoa mapovu ukilidondoshea siki huenda likawa la chokaa. Lisilokwaruzwa na kisu ni gumu, basi. Hapo ndipo jirani yangu alipotegwa. Kwatsi ina ugumu wa 7, na kwa hiyo kila kipande cha kwatsi kilichopo Bujumbura kinaweza kuchora kioo. Jaribio la muuzaji lilikuwa la kweli, ila halikuthibitisha alichokisema.

Kipimo kilichotusaidia ni cha maji, nacho kinahitaji mizani ya jikoni inayoonyesha gramu, bakuli na uzi. Kwanza tulipima jiwe likiwa kavu, tukapata gramu 53. Kisha tuliweka bakuli la maji juu ya mizani, tukairudisha kwenye sifuri, tukalining'iniza jiwe kwa uzi hadi likazama lote bila kugusa chini wala kando. Mizani ikasoma 20. Hizo ni gramu za maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya 53 kwa 20, jibu ni 2.65, na huo ndio uzito wa kwatsi ukilinganishwa na maji. Almasi ni 3.52, jiwe lile lingekuwa almasi mizani ingesoma 15. Isitoshe, gramu 53 ni karati 265. Mwenye almasi ya kiasi hicho hapiti mtaani kwa baiskeli akitafuta mnunuzi.

Inafaa kuongeza hapa kwamba Kiswahili kilikuwa na jina la jiwe hili tangu zamani. Neno bilauri, ambalo leo tunalitumia kwa chombo cha kunywea maji, limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kwatsi angavu. Katika karne ya 11 Al-Biruni aliandika kwamba bilauri ilipelekwa Basra kutoka visiwa vya Zanji. Jirani yangu, kwa maneno mengine, aliuziwa bilauri. Tumelisahau jina, na sasa kila kinachong'aa tunakiita almasi.

Kipimo hicho hicho kinafaa kwa mawe meusi. Turmalini nyeusi, ambayo ina uzito wa kama 3 tu, huuzwa kwa watu kama mawe ya bati, yaani kasiteriti, yenye uzito wa karibu 7. Hata bila mizani, ukishika moja katika kila mkono utahisi tofauti. Hata hivyo, kwa upande wa bati, koltani na dhahabu nawashauri wanafunzi wasijiingize. Kuchimba na kuuza madini hayo kunahitaji kibali cha serikali, na "niliokota tu" si utetezi.

Tukija kwenye vifaa, wenye uwezo hutumia msumeno wa duara wenye vumbi la almasi ukingoni, cherehe la kusagia, na pipa dogo linalozungushwa na mota usiku na mchana. Ndani ya pipa huwekwa mawe, maji na unga mgumu wa kusagia. Unga hubadilishwa kutoka mkubwa hadi laini, na kazi huchukua kama mwezi mzima. Anayetaka kujifunza ukataji wa vito kikazi anaweza kuulizia Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichoko Arusha. Sisi wengine tuna msasa. Neno hili asili yake ni mti ambao majani yake makavu yana makwaruzo, na mafundi waliyatumia kusugulia mbao. Nunua msasa mweusi wa kutumia na maji, ule wa wapaka rangi magari, uanze na namba 220, kisha 400, 800 na 1200. Anayeanza achukue jiwe laini. Wachongaji wa Tabaka, huko Kisii nchini Kenya, hung'arisha jiwe lao la sabuni kwa msasa na maji, kisha nta.

Kwatsi humaliziwa kwa ngozi na unga wa oksidi ya seri. Seri hiyo imo katika madini ya Gakara, mwendo mfupi tu kutoka Bujumbura, ambako uchimbaji ulioanza upya mwaka 2017 ulisimamishwa na serikali mwaka 2021. Unga wenyewe, hata hivyo, huuzwa umeshasafishwa ng'ambo.

Usisugue wala kukata jiwe likiwa kavu. Vumbi la kwatsi likiingia mapafuni halitoki. Huacha makovu, na ugonjwa huo, silikosisi, hauna dawa ya kuuponya. Kitambaa puani hakitoshi. Maji ndiyo kinga ya kwanza, na tope linalobaki lifutwe kabla halijakauka.

Jirani yangu alikubali tulisugue jiwe lake, ili mkewe apate angalau kidani. Huu ni mwezi wa pili, na tumefika namba 400.