Kazi Ipi Itangulie Wakati wa Mvua?



Mwezi wa Aprili ukifika, mimi niliye mezani hapa ofisini Kitale hujua kwa nyuso za watu wanaoingia kwamba mvua imenyesha. Huyu auliza habari za mbegu, yule atafuta trekta, na wa tatu amemwacha ng'ombe wake zizini yu karibu kuzaa, naye hajui kama arudi nyumbani au angoje zamu yake ya mbolea. Wote husema neno moja: "Karani, kazi ni nyingi." Nami huwaamini. Lakini kazi zote zikipiga kelele pamoja, mwenye shamba huifuata ile yenye kelele kubwa, na mara nyingi siyo ile yenye haraka.

Hata mimi sijitoi katika kosa hilo. Nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, nikajidhani kuwa mtu wa mpango. Mwaka mmoja baba aliniachia shamba letu la Naitiri mvua zilipoanza. Ua ulikuwa umeanguka upande wa barabara, nikatumia siku 12 kuchimba mashimo na kusimamisha nguzo, maana kazi ya ua huonekana, na wapita njia huisifu. Mahindi yakapandwa baadaye, katika tope, na palizi nayo ikachelewa. Jirani yetu alitumia mbegu ile ile na mbolea ile ile, ila yeye alipanda mara ardhi iliposhiba maji. Wakati wa kuvuna tulipata magunia machache kuliko yake, tena kwa mbali. Ua ulikuwa mzuri sana.

Baba hakunigombeza. Alinikumbusha tu kwamba wazee waliopata mashamba katika ule mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, walipewa ardhi pamoja na deni, na deni halikuuliza kama mahindi yalichelewa.

Jambo hili wataalamu wa utafiti wa Kitale walilipima katika miaka ya 1960. Ndiyo miaka ile mbegu ya Hybrid 611 ilipotolewa, mwaka 1964, na kila mtu akaitaka. Wakaona kwamba mahindi ya kienyeji yaliyopandwa mapema, kwa nafasi nzuri, na kupaliliwa kwa wakati, yaliweza kuyashinda ya hybrid yenye mbolea yaliyochelewa na kuachwa katika magugu. Mbegu na mbolea hununuliwa kwa fedha. Siku iliyopita hainunuliwi.

Basi chukua daftari la shule, na kila mwezi uupe ukurasa wake. Juu kabisa andika kazi ambazo tarehe yake haisogei. Ng'ombe ndio wenye nyingi. Ukiona ng'ombe anataka dume, andika siku hiyo hiyo, kwa maana hali hiyo haimalizi hata siku nzima, na ikikupita utangoja siku 21 hivi. Aliyeonekana asubuhi yafaa apandishwe jioni. Kwa hiyo mwite mapema daktari wa mifugo anayepandisha kwa sindano. Akishika mimba, hesabu miezi tisa na siku chache, uandike mwezi wa kuzaa, kisha urudi nyuma siku 60 uandike "acha kukama". Ukifanya hivyo utajua tangu leo kama atazaa katikati ya kupanda, nawe utamtafuta mtu wa kukusaidia kabla ya wakati. Siku ya kuogesha ng'ombe iandike pia, kwa sababu kupe hawajui kwamba uko katika palizi.

Chini yake andika kazi zinazofuata mvua: kulima, kupanda, palizi ya kwanza, mbolea ya kukuzia. Hizi hazina tarehe kamili, lakini zikiitwa haziwezi kungoja. Mwisho wa ukurasa ndipo mahali pa ua, paa la ghala na choo kipya. Kazi hizo zapendeza, nazo zitakungoja hata Januari.

Wengi wenu mna shamba upande huu na nyumbani Bungoma, nanyi kila mara mko njiani Kiminini na Kamukuywa. Ninyi yawapasa kuwa na kurasa mbili, kwa sababu nyakati hazilingani. Kule Bungoma chini wengi huvuna mahindi ya kwanza mnamo Julai na Agosti, na mara wanatayarisha ardhi kwa mvua za pili. Huku Kitale mahindi yangali yamesimama mpaka Oktoba au Novemba, lakini maharagwe yataka kung'olewa wakati ule ule wa mavuno ya kule. Usijaribu kuwa pande zote mbili. Amua mwezi wa Juni nani atalala wapi, uandike jina lake, na yeye mwenyewe akuone ukiliandika.

Mama wa nyumba asiachwe nje ya mpango huu. Mara nyingi ndiye akamaye, na ndiye ajuaye ng'ombe yupi amebadilika.

Daftari ulitundike kwa kamba karibu na mlango wa jikoni. Kalamu nayo ifungwe. Isipofungwa huenda shule pamoja na watoto.