Kiingilio cha Hoki ya Barafuni

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Sauti zinazosikika ni za Mwalimu, Mzee na Mama.)

MWALIMU: Kiongozi wa darasa, tafadhali angalia kama kila mtu anayo kalamu na daftari, maana leo tuna hesabu. Hapa ninao wanafunzi wawili, Mzee na Mama. Wao wataniuliza maswali ambayo labda hata ninyi mngependa kuniuliza.

Somo letu ni kiingilio, yaani zile fedha mtu anazotoa mlangoni ili aingie kutazama mchezo. Leo tutasafiri mbali, mpaka Kanada na Marekani. Huko kuna mchezo ambao zamani mfanyakazi wa kiwandani aliweza kwenda kuutazama pamoja na mwanawe, na siku hizi wengi wa watu kama yeye hubaki nyumbani. Mchezo huo ni hoki ya barafuni.

MZEE: Mwalimu, hoki mimi naijua. Ni mpira wa magongo. Katika ujana wangu niliwaona Wahindi wakiucheza Nairobi, juu ya majani.

MWALIMU: Huo ni ndugu yake, Mzee wangu. Huu wa leo huchezwa juu ya maji yaliyoganda yakawa magumu kama sakafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, nao huteleza kwa mbio kuliko mtu anayekimbia. Badala ya mpira wa mviringo hupiga kisahani kigumu cha mpira. Kila upande una watu 6 uwanjani, pamoja na mlinda lango. Kanada baridi ni kali hata mito na maziwa huganda, na watoto hujifunza kucheza nje, bila kulipa kitu. Hata Afrika ya Mashariki mchezo umefika: mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja mdogo wa barafu katika hoteli moja ya Nairobi, na baadaye vijana wa Kenya wakaunda timu yao.

Ligi kubwa ya mchezo huu huitwa National Hockey League. Ilianzishwa mjini Montreal, Kanada, mwaka 1917. Tangu 1942 mpaka 1967 ilikuwa na timu 6 tu, nazo zilikuwa za Montreal, Toronto, Boston, New York, Detroit na Chicago. Sasa ziko 32: 25 za Marekani na 7 za Kanada.

Basi, tutazame uwanja mmoja wa zamani. Mwaka 1931, wakati wa shida kubwa ya uchumi, watu wa Toronto walijenga jumba la hoki lililoitwa Maple Leaf Gardens. Baadhi ya mafundi walikubali kupokea sehemu ya ujira wao kwa hisa za jumba lenyewe, kwa kuwa fedha taslimu zilikuwa haba. Viti vya jumba hilo vilitofautishwa kwa rangi. Vyekundu vilikuwa karibu na barafu, vya watu wenye nazo. Vya kijivu vilikuwa juu kabisa chini ya paa, na hivyo ndivyo vilivyokuwa rahisi kuliko vyote. Mtu wa kiti cha kijivu aliwaona wachezaji wadogo kama siafu, lakini alikuwa ndani. Kule Boston washabiki wa juu kabisa walijulikana kwa utani kuwa ni miungu ya roshani, na sauti zao ndizo zilizowatia wageni hofu.

MAMA: Na sasa mtu wa kiti cha kijivu analipa nini?

MWALIMU: Shikeni kalamu. Kuna kampuni ya Marekani, Team Marketing Report, ambayo tangu mwaka 1991 imekuwa ikihesabu gharama za watu wanne kwenda mchezoni. Huhesabu tikiti 4, bia ndogo 2, soda 4, soseji 4 ndani ya mkate, kofia 2, na fedha za kuegesha gari. Katika msimu wa 2014-15 wastani wa bei ya tikiti moja ya hoki ulikuwa kiasi cha dola 62. Neno wastani maana yake ni hii: ukikusanya bei zote pamoja, kisha ukazigawa sawasawa kwa idadi ya tikiti, unapata wastani. Andikeni: 62 mara 4.

MAMA: Ni 248.

MWALIMU: Vizuri. Hizo ni tikiti peke yake. Ukiongeza gari, vinywaji, soseji na kofia, jumla ilizidi dola 350. Sasa tulinganishe na ujira. Mwaka ule sheria ya serikali kuu ya Marekani ilisema mfanyakazi asilipwe chini ya dola 7 na senti 25 kwa saa. Majimbo mengine yaliweka kima cha juu zaidi, lakini tuchukue hiki. Mtu akifanya kazi saa 40, yaani juma zima, anapata nini?

MZEE: Ngoja... Saba mara arobaini ni 280. Robo mara arobaini ni 10. Jumla ni 290.

MWALIMU: Dola 290 kwa juma, kabla ya kodi. Na jioni moja ya hoki ilizidi 350. Kisha kumbukeni kwamba huo ulikuwa wastani wa ligi nzima. Kule Toronto tikiti moja msimu ule ilikuwa zaidi ya dola 110.

MZEE: Soseji mtu anaweza kuacha, Mwalimu. Akala nyumbani.

MWALIMU: Anaweza, na wengi hufanya hivyo. Lakini tikiti hawezi kuiacha.

MAMA: Mimi nasikia wachezaji wanalipwa mamilioni. Si ndio sababu? Mishahara ikipanda, kiingilio nacho kinapanda.

MWALIMU: Ndivyo watu wengi wanavyofikiri, na hata wenye timu wamesema hivyo mara nyingi. Hebu tuyatazame yaliyotokea. Wenye timu walitaka kuweka mpaka wa mishahara, yaani timu isiruhusiwe kuwalipa wachezaji wake wote kupita kiasi fulani. Wachezaji walikataa. Wenye timu wakafunga milango, na msimu mzima wa 2004-05 haukuchezwa. Mwishowe wachezaji walikubali. Mpaka wa kwanza, mwaka 2005, ulikuwa dola milioni 39 kwa kila timu. Washabiki walitumaini kwamba kiingilio kitashuka na kubaki chini.

Msimu wa kwanza kilishuka kweli, wastani ukawa kiasi cha dola 41. Lakini baada ya miaka tisa wastani ulikuwa umefika zile dola 62 tulizoandika, yaani umeongezeka kwa nusu ya bei ya kwanza. Mishahara ilikuwa imefungwa kamba, na bei bado ilipanda! Tena kamba yenyewe hurefushwa kila mapato yanapoongezeka. Tangu mwaka 2013 mapato ya hoki yamegawanywa nusu kwa nusu kati ya wenye timu na wachezaji, na mpaka wa mishahara umefikia dola milioni 95 na nusu katika msimu wa 2025-26. Kwa hiyo fedha za mlangoni huja kwanza, na mishahara hufuata nyuma. Mimi naona wale wanaowalaumu wachezaji wameshika mkia wa ng'ombe wakidhani ni pembe.

MAMA: Basi ni nani anayepanga bei?

MWALIMU: Ni yule mnunuzi aliye tayari kulipa zaidi. Viti ni vile vile, havizai. Toronto ina watu mamilioni na timu moja tu ya ligi hiyo, na jumba lake lina viti karibu 19,000. Ikiwa wako watu 19,000 wanaoweza kulipa dola 200, mwenye timu hana haja ya kumwuzia mtu wa dola 20.

Na huyo mnunuzi mkubwa mara nyingi si mtu. Ni kampuni. Kati ya 1994 na 1999 miji mingi iliyaacha majumba ya zamani na kujenga mapya. Lile la Chicago lililofunguliwa mwaka 1994 lilikuwa na vyumba vya wakubwa zaidi ya 200, ambamo watu hukaa kwa raha, wakahudumiwa chakula, na kutazama mchezo kupitia upande ulio wazi. Vyumba hivyo hukodishwa na mabenki, mawakili na kampuni za biashara ili kuwakaribisha wateja wao.

Hapa kuna jambo la kodi, na naomba msikilize polepole. Kampuni hulipa kodi juu ya faida yake. Faida ni mapato ukitoa gharama. Basi kampuni ikiruhusiwa kuandika tikiti za hoki kuwa ni gharama za kazi, faida yake huonekana ndogo, na kodi yake hupungua. Marekani mpaka 1986 kampuni iliweza kuandika bei yote ya tikiti kwa njia hiyo. Halafu ikapunguzwa kuwa 80 kwa mia, tangu 1994 ikawa 50 kwa mia, na tangu 2018 ruhusa hiyo imeondolewa kabisa. Kanada ruhusa ya nusu ilianza 1994. Kwa maneno mengine, kwa miaka mingi seremala alinunua tikiti kwa fedha yake yote, na jirani yake wa benki alipunguziwa na hazina ya serikali, ambamo na seremala huchangia.

MZEE: Na walanguzi? Hawako huko?

MWALIMU: Wako, Mzee wangu. Zamani walisimama nje ya uwanja na tikiti mfukoni. Sasa huuza kwa simu na kompyuta, na mara nyingine kampuni ile ile iliyouza tikiti mara ya kwanza huchukua ada yake hata inapouzwa mara ya pili. Mwaka 2017 jimbo la Ontario, ambamo Toronto imo, lilitunga sheria kwamba tikiti isiuzwe tena kwa zaidi ya bei yake ya kwanza na nusu yake. Kabla kipengele hicho hakijaanza kutumika, serikali mpya iliyochaguliwa 2018 ilikisimamisha, na baadaye ikakifuta.

Sasa nataka kuwapeleka katika mji mmoja ambao mambo haya yanaonekana wazi zaidi. Jina lake ni Winnipeg, katikati ya Kanada, kwenye uwanda wa ngano. Ukichanganya na viunga vyake una watu zaidi ya laki nane. Winnipeg iliingia katika ligi kubwa mwaka 1979, na timu yake iliitwa Jets. Lakini wachezaji hulipwa kwa dola za Marekani, na washabiki wa Winnipeg hulipa kwa dola za Kanada. Mwaka 1995 dola moja ya Kanada ilipata senti 73 hivi za Marekani. Ili kulipa dola 100 za Marekani, timu ilihitaji dola 137 za Kanada. Uwanja nao ulikuwa mkuukuu, wala haukuwa na vyumba vya wakubwa vya kutosha.

Ilipojulikana kwamba timu inataka kuhama, maelfu ya watu walikusanyika mjini mwaka 1995, wakachanga fedha. Watoto walileta akiba zao za senti. Haikutosha. Mwaka 1996 Jets ilihamia Phoenix, mji wa jangwani, mahali ambapo maji hayajui kuganda.

MAMA: Maskini! Na zile senti za watoto?

MWALIMU: Hazikuiokoa timu, Mama. Mji ulikaa miaka 15 bila ligi kubwa. Kisha mwaka 2011 timu ya Atlanta ilinunuliwa ikaletwa Winnipeg. Wenye timu walisema wanahitaji watu wa kununua tikiti za msimu 13,000, na kila mnunuzi aahidi kuendelea kwa miaka 3 hadi 5. Zilizofunguliwa kwa watu wote zilikwisha kwa dakika 17. Wenye njaa ya miaka 15 hawaulizi bei ya chakula.

Lakini miaka ilipita, na bei ilipanda. Ukaja ugonjwa wa korona, viwanja vikafungwa, na watu wakazoea kutazama mchezo nyumbani. Ilipofika mapema 2024, wenye tikiti za msimu walikuwa wamepungua kutoka 13,000 wakabaki kiasi cha 9,500. Mwenyekiti wa timu, Mark Chipman, alieleza hadharani kwamba hali hiyo haiwezi kuendelea kwa muda mrefu. Watu wakashikwa na hofu ile ile ya 1996.

Kwa nini Winnipeg na si Toronto? Winnipeg kampuni kubwa ni chache. Tikiti nyingi zimo mikononi mwa watu binafsi, walimu, wauguzi, wakulima wa karibu. Toronto mwalimu akiacha kiti chake, benki inakichukua, wala hakuna anayejua kwamba mwalimu ameondoka. Winnipeg mwalimu akiacha kiti, kiti kinabaki kitupu, na kila mtu anakiona.

MZEE: Kwa hiyo mtu huyo afanye nini? Aache hoki?

MWALIMU: Wengine hutazama nyumbani. Wengine huchangia tikiti moja ya msimu, watu wanne au watano, wakagawana michezo. Na pale pale Winnipeg, katika jumba lile lile, huchezea Manitoba Moose, timu ya ligi ya chini yake, ambamo vijana hufunzwa kabla ya kupanda juu. Kiingilio chake ni cha chini sana kuliko cha Jets. Barafu ni ile ile.

Muda wetu umekwisha. Kabla ya kipindi kijacho, fanyeni hesabu hii. Bei hizi nimezibuni kwa ajili ya zoezi tu. Jumba lina viti 15,000. Mwenye timu akiuza kila kiti kwa dola 75, jumba linajaa. Akiuza kwa dola 90, wanakuja watu 13,000 tu. Tafuteni ni bei ipi inayomletea fedha nyingi zaidi, na zimezidi kwa kiasi gani. Kisha andikeni chini ya jibu, kwa maneno si kwa tarakimu, ni watu wangapi waliobaki nje.