Kunyoosha Nguo Pasipo Pasi

Katika mji wa Kitengela, ambao hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliuonyesha kuwa na wakazi zaidi ya 150,000, wengi huondoka nyumbani kabla ya mapambazuko kwenda kazini Nairobi au katika viwanda vya Athi River. Stima ikipotea usiku, wako wanaowasha pasi ya makaa ndani ya chumba chao kimoja, na madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi. Hilo ni jambo la hatari kubwa, kwani makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunusika, nayo huweza kumwua mtu.

Lakini nguo hunyooshwa zaidi kambani kuliko mezani. Maji yaingiapo katika uzi wa pamba hulegeza vifungo vidogo mno vilivyomo ndani yake. Uzi ukaukapo, vifungo hivyo hujifunga upya katika umbo lile nguo ilimo wakati huo. Na upepo wa nyanda za Kajiado ni mkavu. Shati lililotupwa juu ya ua wa miiba hushika mikunjo yake kabla mfuaji hajamaliza beseni la pili.

Basi, shati lisisokotwe kwa nguvu. Yatosha kulibana maji kwa viganja, kulikung'uta mara mbili tatu, na kulitundika kwenye hanga likingali linachuruzika, vifungo vimefungwa na ukosi umenyooshwa kwa vidole. Uzito wa maji ndio pasi yake. Suruali nayo ibanwe kambani kwa pindo za miguu, kiuno kikining'inia chini, maana kiuno ndicho kizito. Ikianuliwa ingali na unyevu kidogo sana, ikunjwe kwa kufuata mstari wake na kulazwa chini ya godoro usiku kucha, kama wafanyavyo wanafunzi wa mabweni. Ikiwa mbichi mno itanuka uvundo.

Anunuaye mitumba yafaa atazame kitambulisho kilichoshonwa ndani ya nguo. Yenye poliesta nyingi haijikunji sana, ila isifuliwe kwa maji ya moto kisha ikakamuliwa, kwa kuwa joto hulainisha nyuzi zake na mikunjo huganda. Koti la sufu likitundikwa usiku mmoja hujinyoosha lenyewe, kwa sababu uzi wa sufu hujirudi kama springi. Hata pamba ilipatiwa dawa: katika miaka ya 1950, Ruth Benerito, mwanakemia wa idara ya kilimo ya Marekani huko New Orleans, alikuwa miongoni mwa waliogundua namna ya kuunganisha chembe za pamba ili nguo ikauke bila kujikunja. Shuka la Kimaasai halikuhitaji ugunduzi huo, hukung'utwa, likavaliwa.

Hata hivyo, msafiri aendaye Uganda au pwani asiiache pasi. Katika nchi zenye joto na unyevu yuko nzi atagaye mayai katika nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini, na mabuu yake huingia katika ngozi ya mvaaji na kuleta majipu. Huko pasi ya moto hupitishwa kila mahali, hata kwenye mishono na nguo za ndani, ili mayai hayo yafe.