Neno "Chembe" na Muundo wa Atomu

Katika mafundisho ya kwanza ya kemia kwa Kiswahili, neno "chembe" hubebeshwa mzigo mzito. Chembe ya mchanga huonekana kwa macho. Chembe ya damu huonekana kwa hadubini. Na atomu nayo huelezwa kuwa "chembe ndogo kabisa". Mwanafunzi asiyeonywa hudhani kwamba vitu hivi vyatofautiana kwa udogo tu. Sivyo.

Atomu ni sehemu ndogo kabisa ya elementi ambayo bado ni elementi ile ile. Jina lake latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya "kisichokatika", na John Dalton, alipotoa nadharia yake katika kitabu cha mwaka 1808, alilitumia kwa maana hiyo. Lakini mwaka 1897 J. J. Thomson alionyesha kuwapo kwa elektroni, zilizo ndogo kuliko atomu yo yote. Jina likabaki, maana yake ya asili ikaondoka.

Mwaka 1909 Hans Geiger na Ernest Marsden, wakiongozwa na Ernest Rutherford huko Manchester, walielekeza chembe za alfa kwenye utando mwembamba wa dhahabu. Nyingi zilipenya, chache mno zilirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford alifafanua sababu: karibu uzito wote wa atomu umekusanyika katikati, mahali padogo sana.

Mahali hapo huitwa "kiini". Neno hilo lafaa, ila lataka hadhari. Kiini cha yai huchukua nafasi kubwa ndani ya yai. Kiini cha atomu sivyo. Lau atomu ingalikuwa na upana wa mita 100, kiini chake kingalikuwa kadiri ya punje ya mtama. Ndani yake mna protoni zenye chaji chanya, pamoja na nyutroni zisizo na chaji, alizozigundua James Chadwick mwaka 1932. Nje yake zimo elektroni zenye chaji hasi.

Idadi ya protoni ndiyo inayoamua elementi. Kaboni ina protoni 6 daima; yenye 7 ni naitrojeni. Nyutroni za kaboni zaweza kuwa 6, 7 au 8, nayo ikabaki kaboni: hizo ni isotopu zake. Vivyo hivyo, atomu ya sodiamu yenye elektroni 11 ikipoteza moja huwa ioni, wala haiachi kuwa sodiamu.

Kwa hiyo yafaa "chembe" libaki jina la jumla, na "atomu" litengwe kwa maana yake. Atomu zilizoungana ziitwe "molekuli": molekuli moja ya maji ingali maji, lakini ikivunjwa hupatikana haidrojeni na oksijeni. Hapo ndipo kemia inapoanza, na mwanafunzi aliyepewa jina moja kwa vyote viwili hawezi kuuona mpaka huo.