KABLA HUJAPELEKA BARUA YA KUACHA KAZI, PIGA HII HESABU

Leo siongelei bei za mifuko wala wapi pa kupata mzigo Kariakoo. Leo naongelea kuacha kazi, maana wengi humu tulianza kwa kuajiriwa, na wengine bado mmeajiriwa ila roho iko dukani.

Jumanne iliyopita alikuja mdada mmoja, mteja wangu, kununua vikombe vya karatasi. Ni keshia kwenye duka kubwa huko mjini. Nikiwa nahesabu vikombe akaniuliza, "Kaka, wewe uliwezaje kuacha kazi? Kwetu wameanza kupunguza watu, mshahara wenyewe hautoshi. Nataka nipeleke barua Ijumaa."

Nikamwambia vuta hiyo kreti ukae, nikwambie nilivyopoteza karibu milioni moja kwa kushindwa kusubiri siku 17.

Mimi niliishia kidato cha nne. Nilipata kazi ya stoo kwenye kampuni ya usambazaji, kwenye maghala ya barabara ya Nyerere. Nilikaa miaka mitatu. Mshahara ulikuwa 260,000. Kisheria hawakuwa na kosa, kima cha chini cha biashara kilichoanza Januari 2023 kilikuwa 150,000. Lakini mwezi wa tatu 2024 wakapunguza watu kumi na moja. Watu wakapungua, kazi hazikupungua. Nikawa napokea mzigo, napanga, natoa, na jioni naandika ripoti ambayo zamani ilikuwa kazi ya mtu mwingine. Nikaenda kuomba waniongezee hata 50,000. Nikajibiwa, "Wewe shukuru una kazi."

Hilo neno lilinikaa kifuani miezi mitano.

Mwezi wa nane uvumi ukaanza tena, kwamba kuna awamu ya pili. Wiki hiyo hiyo dalali akanipigia: kuna fremu Gongo la Mboto karibu na soko, 60,000 kwa mwezi, miezi sita mkupuo, na kuna mtu mwingine anaitaka. Si unajua madalali, siku zote kuna mtu mwingine. Nilikuwa na 780,000 niliyokusanya kwa mchezo na kwa kujibana. Nikaandika barua usiku, nikaipeleka mwanzoni mwa Septemba. Notisi ya siku 28. Nilijisikia mwanaume kweli kweli.

Siku ya 17 ya notisi tukaitwa kikao. Awamu ya pili imefika, na stoo yetu yote inafungwa. Nilienda ofisini mbio kuuliza kama naweza kuirudisha ile barua. Wakasema ilishapokelewa. Walikuwa na haki. Dada wa uhasibu alinitazama akatikisa kichwa tu.

Sasa angalia mwenzangu wa stoo, tulianza mwezi mmoja, mshahara mmoja. Yeye alipunguzwa, mimi niliacha.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akikusitisha baada ya kumfanyia kazi mwaka au zaidi mfululizo, anakulipa kiinua mgongo kisichopungua siku 7 za mshahara kwa kila mwaka uliokamilisha, mwisho miaka kumi. Ukifukuzwa kihalali kwa utovu wa nidhamu hupati. Ukiacha mwenyewe pia hupati. Mshahara wa 260,000 gawa kwa siku 26 za kazi, ni 10,000 kwa siku. Siku 7 mara miaka mitatu, 210,000. Akalipwa na notisi ya mwezi, 260,000, akaenda nyumbani. Mimi mwezi wangu wa notisi niliufanyia kazi, tena nikibeba mzigo wa kuhamisha stoo.

Halafu kuna NSSF, na hapa ndipo wengi hatujui. Kuna fao la upotevu wa ajira. Kama umechangia angalau miezi 18 na kazi imekatishwa bila wewe kuiacha, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa 260,000 ni 86,580 kwa mwezi. Mara sita ni 519,480. Ukiacha kwa hiari yako, hilo fao si lako.

Jumlisha: 210,000 na 260,000 na 519,480. Ni 989,480. Mtaji wangu wote ulikuwa 780,000. Yaani hasira yangu ilikuwa na thamani kubwa kuliko duka langu.

Hiyo ni hesabu ya kwanza. Ya pili ndiyo karibu iniue.

Wakati naacha nilikuwa najiambia, "Duka litashindwaje kunipa 260,000?" Swali lilikuwa siyo hilo. Kwenye 260,000 walikuwa wanakata 26,000 ya NSSF. PAYE sikukatwa maana mshahara ulikuwa chini ya 270,000. Mkononi 234,000. Nauli ya kwenda na kurudi 1,400 na chakula cha mchana 2,500, kwa siku 26, ni 101,400. Kazi yenyewe ilikuwa inaniachia 132,600. Hiyo ndiyo namba ambayo duka lilitakiwa kuifikia. Ni ndogo, nikajua nitaifikia mapema.

Kwenye ile 780,000, fremu na dalali walikula 420,000. Rafu za mtumba 90,000. Ikabaki 270,000 ya mzigo, vikombe, makontena ya chakula, mifuko ya karatasi na ile mbadala. Nilikuwa nauza kama 35,000 kwa siku. Faida yake 5,000 hivi. Kwa mwezi 150,000. Toa kodi 60,000, nilishailipa mbele lakini lazima uihesabu, toa umeme 10,000. Inabaki 80,000.

80,000 na mimi nimezoea kuishi kwa 132,600. Upungufu 52,600 kila mwezi. Unautoa wapi? Kwenye rafu. Leo unakula pakiti mbili za vikombe, kesho kontena, hujui kama unakula mtaji kwa sababu mchana kutwa unashika hela. Mwezi wa tatu rafu zangu zilikuwa na mapengo kama mdomo wa mtoto wa miaka sita. Nikaingia kausha damu, nikachukua 100,000, nikarudisha 130,000 ndani ya mwezi. Na mama yangu, ambaye kila mwezi nilikuwa namtumia 30,000, nikaacha kumtumia kwa miezi mitano. Hakuniuliza hata siku moja. Angeuliza ingekuwa afadhali.

Nilichomokaje? Mama mmoja wa chipsi kuku alinilalamikia kwamba makontena humwishia saa mbili usiku wakati mimi nimeshafunga. Nikaanza kuwapelekea wauza vyakula mzigo mchana, kwa miguu, kabla hawajawasha majiko. Walianza watatu, wakafika tisa. Hao ndio walioshikilia duka, siyo wapita njia. Hiyo ni mada ya siku nyingine.

Kwa hiyo ningerudi nyuma ningebaki? Hapana, ningeondoka. Ile kazi ilikuwa inanimaliza. Ila nisingeondoka siku ile. Uvumi ulikuwepo, na kisheria mwajiri akifikiria kupunguza watu anatakiwa kutoa taarifa na kushauriana na wafanyakazi au chama chao, sababu ni nini, nani ataguswa, watalipwa nini. Ningesubiri hiyo taarifa huku nauza vitu vidogo Jumapili nione soko. (Soma mkataba wako kwanza, na usiuze bidhaa za bosi wako. Hapo unatafuta kufukuzwa bila senti.) Na ile fremu ningeiacha iende. Mwezi wa 12 fremu ya tatu kutoka kwangu ilikuwa wazi, bei ile ile.

Nisieleweke vibaya, kusubiri nako kuna gharama. Kuna watu wamesubiri kupunguzwa miaka miwili na hawakupunguzwa, wakazeeka. Mwenzangu wa stoo alipata hela zake, lakini NSSF yake ilichelewa kwa sababu kampuni ilikuwa haijapeleka michango ya miezi miwili, akawa anaenda na kurudi. Hela ilipotoka alishakopa kwa ajili ya kula. Leo anaendesha bodaboda na hataki kusikia habari za duka. Ni sawa, siyo kila mtu ni wa dukani.

Kitu kingine nilichomwambia yule dada, nakiandika hapa kwa sababu nimekiona kwa zaidi ya kampuni moja: wakati wa kupunguza watu unaweza kuitwa pembeni ukapewa karatasi inayosema umeacha kwa hiari. Usisaini hapo hapo. Omba uende nayo nyumbani. Ukishasaini, ile 989,480 yako inakuwa mapambano. Na kama maisha ya kazini yamefanywa hayavumiliki makusudi ili uondoke mwenyewe, sheria inaweza kuhesabu kwamba umeachishwa. Lakini lazima uthibitishe, na mlango wake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Siku ya 31 unaanza kuomba radhi kwa kuchelewa badala ya kudai haki yako.

Yule dada Ijumaa hakupeleka barua. Alienda NSSF kuomba taarifa ya michango yake, akakuta miezi minne haijaingia, wakati kwenye mshahara anakatwa kila mwezi. Jumamosi akaja dukani na karatasi yenye hesabu zake. Mshahara wake ukitoa nauli na chakula unamwachia 118,000, alikuwa hajawahi kuiona hiyo namba. Jumatatu anaenda kuuliza ile miezi minne iko wapi, kwa maandishi, na nakala anabaki nayo.

Barua bado iko kwenye pochi yake. Alinunua vikombe hamsini vingine. Kesho kuna mechi uwanja wa mtaani kwao, anataka kuona juisi itatoka ngapi.